Kikulacho ki nguoni mwako: jinsi cheksamu inavyofichua faili iliyoguswa kwenye seva

Mwaka jana, Ramadhani ikikaribia, mzazi mmoja alinipigia simu. Kila akiitafuta tovuti ya madrasa ya mtaani kwetu kwenye Google, akibonyeza, anapelekwa kwenye tovuti ya kamari. Seva hiyo nilikuwa naitunza mimi kwa kujitolea. Nikaifungua kwa kompyuta yangu, nikaona iko sawa. Nikamwambia simu yake ina virusi. Nilimkosea, na baada ya siku tatu wazazi waliolalamika walikuwa wengi.

Mdukuzi alikuwa ameongeza mistari michache ndani ya faili moja ya WordPress. Mistari hiyo ilichunguza mgeni ametoka wapi. Aliyetoka Google alipelekwa kwenye kamari, na aliyeandika anwani mwenyewe, kama mimi, alionyeshwa ukurasa wa kila siku. Kwa macho nisingeijua. Cheksamu iliionyesha kwa sekunde chache.

Cheksamu ni nini

Wanaofanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini wanaijua sili ya kontena. Namba ya sili ikitofautiana na ile iliyo kwenye karatasi, unajua kuna mkono umepita. Cheksamu ni kama sili hiyo, ila imetokana na mzigo wenyewe. Kompyuta huisoma faili yote, huipitisha kwenye hesabu maalumu, kisha hutoa alama fupi. Kwa hesabu ya SHA-256 alama hiyo huwa na herufi na tarakimu 64, faili iwe ya mstari mmoja au ya filamu nzima. Ukibadilisha koma moja tu, alama yote hubadilika.

Fikra hii si mpya. Mwaka 1992, Gene Kim na Gene Spafford wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitengeneza Tripwire, programu ya kuweka kumbukumbu ya alama za faili na kupiga kelele zikibadilika. Hesabu ya MD5, iliyotumika sana zamani, ilivunjwa na watafiti mwaka 2004, na SHA-1 ikafuata mwaka 2017. Leo tumia SHA-256.

Kukagua

Kwa tovuti ya WordPress, amri ni `wp core verify-checksums`. Hulinganisha faili zako na orodha rasmi ya toleo lako, na hutaja pia faili isiyostahili kuwepo. Kwa programu za nyongeza zilizotoka WordPress.org, tumia `wp plugin verify-checksums --all`.

Kwa programu za seva yenyewe, Debian na Ubuntu wana `dpkg --verify`, na jamii ya Red Hat wana `rpm -Va`. Ukiona tarakimu 5 mwanzoni mwa mstari, yaliyomo kwenye faili yamebadilika. Ikifuatwa na herufi c, hiyo ni faili ya mipangilio, ambayo pengine umeibadilisha mwenyewe. Lakini 5 kwenye programu iliyo ndani ya `/usr/bin` si jambo la kulala nalo.

Kwa programu mliyoandikiwa na fundi wenu, tengeneza orodha yako ingali safi kwa `sha256sum`, kisha ikague kwa `sha256sum -c`. Angalia hapa: amri hii hukagua faili zilizo kwenye orodha pekee. Mdukuzi akiongeza faili mpya, haitasema neno. Kwa hiyo linganisha na orodha ya majina pia.

Orodha isikae na mwizi

Orodha ikikaa kwenye seva ile ile, aliyeingia ataibadilisha iendane na uovu wake. Iweke kwenye kompyuta nyingine au kwenye flashi. Tarehe 20 Februari 2016 tovuti ya Linux Mint ilidukuliwa, na viungo vya kupakua toleo la 17.3 Cinnamon vikaelekezwa kwenye nakala yenye mlango wa nyuma. Funzo ni kwamba alama iliyo kwenye ukurasa uliodukuliwa haiaminiki. Ipate kutoka njia nyingine, au hakiki sahihi ya kidijitali ya watengenezaji.

Isichoweza

Cheksamu hukwambia kwamba kitu kimebadilika. Haikwambii kama kilikuwa kizuri tangu mwanzo. Machi 2024, Andres Freund aligundua kwamba XZ Utils, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, ilitoka kwa watunzaji wake ikiwa na sumu ndani. Alichokiona ni kwamba kuingia kwenye seva kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Hapo alama zingelingana vizuri kabisa.

Pia haikagui hifadhidata. Mtu akibadilisha namba ya paybill ya sadaka iliyohifadhiwa humo, faili zote zitaonekana safi huku pesa za mayatima zikienda kwingine. Namba hiyo ikagueni kwa macho, kila wiki.

Ukikuta tofauti

Jiulize kwanza kama mlisasisha programu karibuni. Kama hapana, usikimbilie kufuta. Hifadhi nakala ya faili hiyo na tarehe yake, weka upya programu safi, badilisha nywila zote, kisha tafuta tundu alimopitia. Mimi nilisafisha faili nikaacha tundu, ambalo lilikuwa programu ya nyongeza iliyochakaa, na wiki iliyofuata kamari ikarudi.

Sasa ukaguzi wetu hujiendesha wenyewe kila usiku na kunitumia barua pepe. Na mzazi akipiga simu kulalamika, namsikiliza kwanza.