Florence Price, mtunzi wa muziki (1887–1953)
Florence Price alizaliwa Little Rock, Arkansas, Marekani. Mama yake ndiye aliyeanza kumfundisha piano. Alihitimu masomo ya muziki Boston mwaka 1906, na mwaka 1927 alihamia Chicago pamoja na familia yake kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Tarehe 15 Juni 1933, okestra kubwa ya mji huo ilipiga simfoni yake ya kwanza. Hakuna mwanamke Mweusi wa Marekani aliyepata nafasi hiyo mbele yake. Alipanga pia nyimbo za kiroho za watumwa. Baada ya kifo chake alisahauliwa, mpaka mwaka 2009 maandishi yake mengi yalipokutwa katika nyumba iliyoachwa huko Illinois. Nasi tunajiuliza: nyimbo ambazo mama zetu wanatunga kwayani, nani anazitunza?