Maji ni ya Kwale, hesabu iko wapi?

Chemchemi za Marere ziko Shimba Hills, Kwale, na maji yake hushuka kwa mabomba hadi Mombasa. Visima vya Tiwi navyo hulisha Diani na Likoni, na Likoni ni kaunti ya Mombasa. Maji haya ya jumla husimamiwa na shirika la serikali kuu, na kampuni za maji za kaunti ndizo huyafikisha majumbani. Kwa hivyo ukiuliza Kwale inabaki na kiasi gani, hakuna ofisi moja inayoweza kukujibu peke yake. Lazima daftari zao ziwekwe pamoja.

Watu nao ni hivyo hivyo. Sensa ya 2019 ilitupa Kwale watu 866,820 na Mombasa 1,208,333, lakini ilimhesabu mtu pale alipolala usiku wa tarehe 24 Agosti. Anayelala Ukunda na kuvuka feri kila asubuhi kwenda kazini hutumia maji, choo na barabara za kaunti mbili. Mama wa Msambweni akipelekwa kujifungua Mombasa, ripoti ya hospitali humhesabu pale alipozalia. Sasa anayepanga idadi ya wakunga Msambweni akitazama ripoti ya kwake pekee, huyo mama hamuoni.

Kifungu cha 189 cha Katiba kinazitaka kaunti zishirikiane, na kinaziruhusu kuunda kamati za pamoja. Chombo pia tunacho: Jumuiya ya Kaunti za Pwani, yenye kaunti zote sita, kuanzia Kwale hadi Lamu. Kwa maoni yangu ingeanza na maji, maana hapo ndipo ugomvi ulipo, na Bwawa la Mwache, linalokusudiwa kulisha Kwale na Mombasa, litauongeza ikiwa kila upande una hesabu zake.

Wapo watakaosema Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakataza. Sheria hiyo inalinda habari za mtu binafsi, kama jina la mgonjwa na ugonjwa wake. Mita ya kisima haina siri ya mtu.

Nawe mwananchi una njia. Kifungu cha 35 na sheria ya 2016 ya kupata habari vinakuruhusu kuiandikia ofisi ya umma na kuomba takwimu. Barua yaweza kuwa ya Kiswahili, na ofisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 21.