Tabaka za Viendeshi vya Sauti katika Windows na Athari Zake kwa Uhariri wa Video, 1991–2007

Mhariri wa video anapokuta picha zinakwenda ilhali sauti haisikiki, aghalabu huishuku programu ya kuhariria. Huiondoa na kuisakinisha upya, na hitilafu hubaki palepale. Hoja kuu ya insha hii ni kwamba chanzo cha hitilafu nyingi za aina hiyo kimo katika historia ya viendeshi, yaani programu ndogo zinazounganisha mfumo wa kompyuta na kadi ya sauti.

Tabaka la kwanza liliwekwa mwaka 1991, Microsoft ilipoongeza katika Windows huduma za sauti zijulikanazo kama MME. Lengo lilikuwa kuiwezesha programu yoyote kutoa sauti kupitia kadi yoyote. Wepesi haukuwa kipaumbele. Mwaka 1995 ilifuata DirectSound, iliyolenga michezo ya kompyuta. Hata hivyo, wanamuziki walihitaji kusikia ala papo hapo inapopigwa. Mwaka 1997 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilitoa ASIO, iliyoiwezesha programu kuifikia kadi bila kupitia kichanganyio cha mfumo. Nafuu hiyo ilikuwa na gharama, kwani viendeshi vingi vya ASIO vilihudumia programu moja tu kwa wakati mmoja. Mwaka 2007 Windows Vista ilileta WASAPI, yenye njia ya kushirikiana na njia ya kuimiliki kadi peke yake.

Tabaka jipya halikuliondoa la zamani. Ndiyo maana Adobe Premiere Pro katika Windows humtaka mhariri achague kati ya MME na ASIO. Sauti ikitoweka, huenda programu nyingine imeishika kadi. MME ikitoa taarifa ya kosa, mara nyingi kiini ni maikrofoni isiyopatikana au iliyozuiwa na mipangilio ya faragha. Kuchagua kutotumia kifaa cha kuingizia sauti huondoa kikwazo. Sauti ikikatikakatika, bafa huwa ndogo mno. Kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya sampuli 256 hubeba takribani milisekunde 5, na ya 1,024 takribani 21. Kiasi cha pili humkera mpiga ala, lakini mhariri hukivumilia bila shida.

Hatari kubwa zaidi ni ucheleweshaji. Sauti inayochelewa kwenye kifaa cha kusikilizia huenda iko mahali pake katika faili. Mhariri asiyetofautisha mambo haya mawili huisogeza ili ilingane na midomo ya msemaji, na kosa la usikilizaji likawa kosa la kudumu katika kazi iliyokamilika. Kwa hiyo, kiendeshi na kifaa vikaguliwe kwanza. Sauti iliyorekodiwa isiguswe hadi ithibitike kwamba kosa limo ndani yake.