Nyundo na Kalamu: Habari za Kale kwa Wazazi wa Pwani ya Ziwa



Hapa Kamanga, penye kivuko kiendacho Mwanza, kila mwaka majibu ya mtihani wa kidato cha nne yatokapo, shauri moja huanza katika nyumba nyingi, nalo huendelea usiku kucha. Jioni moja mzee mmoja mvuvi alitujia, akaketi, akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Mwalimu, mwanangu amepata alama za katikati. Shule ya serikali haikumchagua kwa kidato cha tano. Iko shule ya watu binafsi, na ada yake ya mwaka mmoja ni sawa na ng'ombe wanne. Naye mwenyewe ataka kwenda kujifunza kuunga vyuma. Sikumsomesha miaka kumi na mmoja ili ashike nyundo."

Hatukumjibu upesi. Tulitambua kwamba neno lile la nyundo halikuzaliwa kinywani mwake. Ni neno la zamani, nasi walimu tumelilisha na kulikuza. Kwa hiyo tumeona vema kueleza hapa habari zake, ili kila mzazi ajue lilikotoka kabla hajauza ng'ombe wala kumkatalia mtoto.

Zamani, kabla ya kuja Wazungu, katika nchi ya Uzinza, magharibi yetu hapa, walikuwako mafundi wa chuma walioitwa Warongo. Walichimba mawe yenye chuma, wakachoma makaa, wakajenga tanuri, wakavukuta mpaka chuma kikapatikana, nacho wakakifua majembe. Katika nchi hizi za kusini mwa Ziwa jembe lilikuwa chombo cha kulimia, tena lilikuwa mali. Watu walilibadilisha kwa chakula na mifugo, na pengine lilitolewa kuwa mahari. Basi wakati ule hapakuwa na mtu wa kusema kwamba kushika nyundo ni aibu. Mhunzi alikuwa mtu wa kuheshimiwa, wala ujuzi wake haukupatikana bure. Ilimpasa kijana kukaa na wakubwa, kuona, kutumwa, na kujaribu, hata mkono ukazoea.

Lakini habari hii ina upande wa pili, nao haufai kufichwa. Majembe ya viwanda vya Ulaya yalipoletwa kwa wingi na kwa bei nafuu, tanuri za Uzinza zilizimika moja baada ya moja. Mafundi wale hawakuwa wavivu wala wajinga. Ujuzi wao ulipitwa na mashine ambazo hawakuwa na njia ya kuzijua. Wahenga husema ujuzi hauzeeki. Ni kweli kwa mtu mwenyewe, ila soko la ujuzi huo laweza kuzeeka, tena upesi. Anayesema, "Mpe mtoto ufundi, yatosha," na ayakumbuke majembe ya Warongo.

Habari ya pili ni ya mtu aliyekufa katika nchi hizi hizi. Alexander Mackay alizaliwa Scotland mwaka 1849. Baba yake, aliyekuwa mchungaji, alimfundisha mwenyewe nyumbani mpaka alipopata miaka kumi na minne. Baadaye kijana huyu alisomea ualimu mjini Edinburgh, kisha akajifunza uhandisi, huku akifanya kazi katika karakana ya mashine huko Leith. Mwaka 1876 alitumwa Afrika na chama cha misioni cha CMS. Mwaka 1877 alisimamia ukataji wa njia kutoka Saadani mpaka Mpwapwa. Mwaka 1878 alifika Kageye, pwani ya kusini ya Ziwa letu, akaikuta mashua iitwayo Daisy imeharibika, akaitengeneza, akasafiri nayo.

Huko Buganda alifua vyuma, akachonga herufi, akapiga chapa karatasi za kusomesha watu. Mwaka 1882, mama yake Kabaka Mutesa alipofariki, Mackay ndiye aliyetakiwa kusimamia kazi ya jeneza lake kubwa. Watu wakampa jina la Mzungu wa Kazi. Mwaka 1887 aliondolewa Buganda wakati wa Kabaka Mwanga, akaja kukaa Usambiro, kusini mwa Ziwa, si mbali sana nasi. Stanley alipopita hapo mwaka 1889 alimkuta na karakana yenye zana na mashine, wahunzi wakitengeneza boila ya mashua ya mvuke, na mashimo ya kupasulia mbao. Mashua ile hakuimaliza. Tarehe 8 Februari 1890 homa ilimuua, naye hajatimiza miaka arobaini na mmoja. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishwa ikazikwa Namirembe, Uganda.

Kwa nini twamtaja mtu huyu? Kwa sababu alishika kitabu, tena alishika nyundo. Kama asingejua hesabu na michoro, boila isingeanza. Na kama mikono yake ingekuwa laini, michoro ingebaki karatasini. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja katika mtu mmoja. Basi ni nani aliyeyatenganisha baadaye katika nchi zetu?

Hapo twafika habari ya tatu, nayo huwashangaza wengi. Chuo cha Makerere, ambacho jina lake lilikuja kuwa kama taji kwa msomi yeyote wa Afrika ya Mashariki, kilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa vijana kumi na wanne, na masomo yao yalikuwa useremala, ujenzi, na ufundi wa mitambo. Haikupita miaka mingi kikaanza kufundisha utabibu, ualimu, na kazi nyingine za namna hiyo, na randa na msumeno vikahamishiwa mahali pengine. Mwaka 1943 Julius Nyerere aliingia hapo, akitoka shule ya Tabora, akasomea ualimu. Mwaka 1949 chuo kilifungamanishwa na Chuo Kikuu cha London. Hivyo, mti ulioota katika mbegu ya ufundi ulizaa matunda ya kalamu, na watu wakaisahau mbegu.

Walisahau kwa sababu, wala hatuwezi kuwalaumu wazee wetu. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika ya Mashariki, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Dkt. James Aggrey, Mwafrika wa nchi ambayo sasa ni Ghana. Tume ilishauri kwamba elimu ifuatane na maisha ya watu, yaani kilimo, afya, na kazi za mikono, na mwaka 1925 serikali ya Uingereza ilitoa waraka wa elimu wenye shauri kama hilo. Shauri lenyewe halikuwa baya. Lakini wazee walitazama wakaona kwamba kijana aliyejua kusoma na kuandika alipewa ukarani, na mshahara wa kila mwezi, na kivuli cha kukaa. Na aliyepewa jembe la bustani ya shule alirudi nyumbani na jembe lile lile alilolijua tangu utoto. Tena waliona kwamba wale waliohubiri kazi za mikono hawakuwapeleka watoto wao wenyewe kuzifanya. Wakashuku kwamba wanazuiwa nje ya mlango wa nyumba kubwa. Neno la mzee wetu, "ili ashike nyundo," lilianzia hapo. Lilikuwa neno la mtu anayekataa kudharauliwa.

Baada ya Uhuru wa Tanganyika mwaka 1961, wasomi walikuwa wachache mno, na aliyemaliza chuo alingojewa na kazi. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akionya kwamba shule zisifundishe kana kwamba watoto wote wataendelea juu, hali wengi watabaki vijijini. Twalisoma onyo hilo, twalifundisha, wala hatukulitii sana. Wakati huo ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili ya ada alirudi na ndama wengi.

Mambo yalibadilika. Tangu miaka ya tisini wazazi na wanafunzi walitakiwa kuchangia gharama za vyuo. Mwaka 1994 ilitungwa sheria iliyoanzisha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Mwaka 2004 ilitungwa sheria ya Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, nayo bodi ikaanza kazi mwaka 2005. Mabadiliko ya mwaka 2016 yaliweka makato ya asilimia 15 ya mshahara kwa mkopaji aliyeajiriwa. Mwaka huo huo wa 2016 ada iliondolewa katika shule za serikali mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kidato cha tano na cha sita. Hayo yalifungua mlango kwa watoto wengi wa maskini, nasi twashukuru. Lakini wengi walipoingia kwa mlango mmoja, upande wa pili wa nyumba haukuongezwa viti. Leo wako vijana wenye shahada ya ualimu wanaongoja ajira mwaka baada ya mwaka, nao si wajinga.

Je, twasema watoto wasisome? Hata kidogo. Atakaye kuwa tabibu, au mhandisi, au mwanasheria, hana njia ya mkato. Na mtoto mwenye akili ya kazi hiyo asinyimwe kwa sababu ng'ombe ni watamu zizini. Wala ufundi nao si njia tambarare. Fundi ahitaji vyombo, na vyombo ni fedha. Ahitaji kujua hesabu, asije akapatana kazi kwa bei inayomla mwenyewe. Moto wa kuungia vyuma huharibu macho ya asiyejikinga, na fundi asiyetimiza ahadi huwafukuza wateja kuliko ukame ufukuzavyo ndege. Tulilosema juu ya Warongo ni kweli hata leo: mashine mpya zitakuja, na fundi asiyesoma ataachwa.

Basi twawashauri wazazi wajiulize mambo matatu. La kwanza, mtoto huyu ataka nini, na mikono na akili yake vimeonyesha nini? La pili, fedha hizi zikitoka, nyumba itakula nini, na wadogo zake watasomeshwa na nani? La tatu, njia hii ikimshinda katikati, atakuwa amepata nini cha kushika? Aliyeacha ufundi baada ya mwaka mmoja ana mkono uliokwisha kujua kitu. Aliyeacha chuo katikati mara nyingi ana deni tu. Tena mzazi asidhani kwamba mlango wa elimu hufungwa mtoto akienda ufundi. Mafunzo ya ufundi yana ngazi zake, na anayefanya vema aweza kupanda mpaka stashahada na zaidi. Sera ya elimu katika toleo lake la mwaka 2023 imeweka mkondo wa amali katika shule za sekondari zenyewe, pamoja na mkondo wa jumla. Wala msiwasahau binti zenu: cherehani ni kazi njema, lakini umeme na vyuma havikuandikwa jina la wavulana.

Tazameni mambo yaliyofanyika karibu nasi. Mwaka 2023 meli ya MV Mwanza, yenye nafasi ya abiria 1,200, ilishushwa majini ikiwa imeundwa Mwanza hapo ng'ambo. Miaka 133 ilikuwa imepita tangu Mackay alipoiacha mashua yake Usambiro bila kuimaliza. Mwezi wa Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu. Aliyekokotoa uzito wa daraja hilo alisoma chuo kikuu. Aliyefunga nondo na kuunga vyuma vyake ni fundi. Mmoja akikosea, basi la abiria laenda majini. Ni nani kati yao ambaye kazi yake ni aibu?

Nasi walimu tuna la kuungama. Mara ngapi tumemwambia mtoto asiyejua jawabu, "Wewe utaishia kuwa fundi"? Tulifanya nyundo kuwa fimbo ya kutishia, kisha twashangaa wazazi wakiiogopa. Na tulikome neno hilo.

Tulimweleza mzee yale yote, si kwa siku moja. Alisikiliza, akauliza, akaenda. Baada ya wiki mbili tulisikia kwamba ameuza ng'ombe mmoja, si wanne: sehemu ni ada ya chuo cha ufundi, sehemu ameiweka kwa ajili ya kununua vyombo. Tulipokutana naye kwenye kivuko hakutushukuru. Alisema, "Mwalimu, akirudi mikono mitupu nitakuja kwako." Tukamjibu, "Njoo, baba." Neno hilo limetukaa moyoni, kwa maana aliyetoa shauri naye ana deni. Kijana bado yuko mafunzoni. Jumamosi huja kijijini, hushuka mtoni kwa maseremala wa mitumbwi, na juzi tulimwona akiwatengenezea nanga iliyopinda, baba yake amesimama kando akitazama, mikono nyuma, wala hasemi neno.