Chupa moja, tiketi mia tano: wiski ilivyogeuka sadaka Kentucky

Wiski ya Pappy Van Winkle ya miaka 23 ina bei yake rasmi, ambayo kwa miaka kadhaa ilikuwa dola 300 hivi za Marekani. Ni bei ya kusoma tu. Maduka mengi ya pombe ya jimbo la Kentucky, Marekani, hupata chupa chache mno kwa mwaka, mengine hayapati hata moja, na chupa hiyohiyo ikishaingia mikononi mwa watu hutajwa kwa maelfu ya dola. Aliye nayo naye hawezi kuiuza atakavyo, kwa kuwa sheria haimruhusu mtu asiye na leseni kuuza pombe kali. Kati ya bei ya kwenye karatasi na bei ya vinywani mwa watu pana pengo kubwa, na ndani ya pengo hilo shule za parokia, vikosi vya zimamoto vya kujitolea na vituo vya kuokoa mbwa waliotelekezwa vimepata pa kuchota fedha. Wanaomba chupa, wanachapa tiketi, wanachezesha droo.

Hesabu yake haihitaji mhasibu. Tuseme mzazi ameipa shule chupa hiyo bure. Shule inachapa tiketi 500 na kuuza kila moja dola 20. Zikiisha zote, dola 10,000 ziko mezani, kwa kitu ambacho kwa bei rasmi kingeleta mia chache tu. Wanaokosa ni 499 na hakuna anayenuna, maana dola 20 si fedha ya kumkosesha mtu usingizi, na kila mmoja alishajua tangu mwanzo kwamba zinakwenda kununua basi la shule.

Ili kuelewa kwa nini chupa ya kinywaji iwe na nguvu hiyo, sharti kuanzia kwenye pipa. Bourbon ni wiski ya Marekani ambayo walau asilimia 51 ya nafaka yake ni mahindi, na ambayo hulazwa katika pipa jipya la mwaloni lililounguzwa kwa ndani. Mwaka 1964 Bunge la Marekani lilipitisha azimio la kuitambua kuwa zao la kipekee la nchi hiyo, na sehemu kubwa sana hutoka Kentucky. Pipa likiwa ghalani hupumua. Kila mwaka kiasi fulani huyeyukia hewani, na watengenezaji hukiita fungu la malaika. Mwaka mmoja hasara haionekani. Kwa miaka 23 malaika huwa wamekunywa zaidi ya walichobakiziwa wanadamu. Hakuna mtambo wa kuharakisha jambo hili. Anayetaka wiski ya miaka 23 leo alipaswa kuijaza pipani miaka 23 iliyopita, wakati ambao pengine hakuna aliyekuwa akiitaka.

Na kweli hakuna aliyeitaka. Julian “Pappy” Van Winkle, yule babu ambaye picha yake akivuta sigara iko kwenye lebo, alianza kazi mwaka 1893 akiwa mchuuzi wa wiski wa kampuni ya Weller. Mwaka 1935, siku ya mashindano ya farasi ya Kentucky Derby, yeye na wenzake walifungua kiwanda cha Stitzel-Weller nje kidogo ya jiji la Louisville. Alifariki 1965. Miaka saba baadaye familia iliuza kiwanda, na ilikuwa imeona mbali, kwa sababu Wamarekani wa miaka ya 1970 na 1980 waliigeukia vodka na mvinyo mweupe. Bourbon ikawa kinywaji cha wazee. Mapipa yakadoda maghalani, na kwa kudoda yakazeeka kuliko mtu yeyote alivyokusudia. Mjukuu wake, Julian wa tatu, aliyeshika biashara mwaka 1981, alikuwa akinunua wiski hiyo kuukuu na kuitia chupani. Katika miaka ya 1990 waonjaji waliipa ile ya miaka 20 alama 99 kwa 100, na mwaka 2002 familia ikaingia ubia na kiwanda cha Buffalo Trace cha mjini Frankfort. Kinachogombaniwa leo kama dhahabu kilianza kuwa bidhaa iliyokosa mnunuzi.

Kisha ukaja wizi. Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba zaidi ya chupa 200, nyingi zikiwa Pappy, zimetoweka Buffalo Trace. Uchunguzi ulipokamilika ilibainika kwamba wezi walikuwa na mkono ndani ya kiwanda. Kesi hiyo ilivuma nchi nzima, na watu ambao hawajawahi kuonja wiski wakalijua jina. Kwa mwalimu anayetafuta zawadi ya droo, hilo lilikuwa tangazo la bure.

Bahati nasibu yenyewe ni kongwe kuliko wiski hii. Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza aliidhinisha moja mwaka 1567 ili kutengeneza bandari. Koloni la Virginia lilitunishiwa mfuko kwa nyingine kuanzia 1612. Benjamin Franklin aliandaa yake Philadelphia mwaka 1747, ili wananchi wapate mizinga ya kujilindia. Kentucky ilipokuwa jimbo mwaka 1792 ilikuta desturi hiyo mezani na ikaipokea kwa mikono miwili: jimbo changa, watu wachache wenye fedha taslimu, wabunge wanaoogopa kutoza kodi. Barabara, makanisa na vyuo vikapewa vibali vya kuchezesha bahati nasibu. Kibali cha Shelby College, chuo kidogo cha mjini Shelbyville, kiligeuka biashara ya mawakala wa tiketi kiasi kwamba kesi zake zilivuma kuliko masomo yake.

Lakini aibu kubwa ilitoka Louisville. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 mji ulitaka maktaba ya umma. Thomas Bramlette, aliyekuwa gavana wa jimbo wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, akawekwa mbele ya mpango ulioitwa matamasha ya zawadi. Mnunuzi alikuwa akinunua tiketi ya muziki; ikatokea tu kwamba tiketi hiyo ilikuwa na namba, na namba hiyo ingeweza kushinda maelfu ya dola. Ziliuzwa nchi nzima. Matamasha matano yaliingiza zaidi ya dola milioni 6, fedha za kutisha kwa wakati huo. Maktaba iliambulia chini ya nusu milioni. Nyingine zilikwenda kwa washindi, kwa matangazo, kwa mawakala, na kwa wale ambao katika kila mchango wa aina hii husimama karibu na sanduku kuliko wengine. Msomaji aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harambee ataitambua sura hiyo bila kutajiwa jina.

Hasira zilikuwa zikijengeka kote Marekani. Bahati nasibu ya Louisiana, iliyosambaza tiketi kwa posta katika kila jimbo, ilifanya Bunge la taifa lipige marufuku barua za bahati nasibu mwaka 1890. Mwaka uliofuata Kentucky iliandika katiba mpya, na kifungu cha 226 kikazifuta bahati nasibu zote pamoja na vibali vya zamani. Wenye kibali cha bahati nasibu ya Frankfort walikwenda hadi Mahakama Kuu ya Marekani wakidai kwamba kibali chao ni mkataba. Mwaka 1897 waliambiwa kwamba kibali cha bahati nasibu si mkataba, na serikali inaweza kukiondoa itakapo.

Kwa karibu miaka mia moja, basi, kila droo ya kanisa ilikuwa kinyume cha katiba. Zilichezeshwa vilevile. Wakatoliki wa Kentucky walitoka Maryland kuanzia 1785, wakakaa kuzunguka Bardstown, mji ambao kufikia 1808 ulikuwa na jimbo lake la kanisa. Baadhi yao, kama Basil Hayden, walikuja na ujuzi wa kupika wiski. Huko parokia na kiwanda cha pombe ni majirani wa tangu zamani. Magharibi mwa jimbo, parokia ya Mtakatifu Jerome ya Fancy Farm imekuwa na sherehe yake ya kiangazi tangu 1880, kwa nyama ya kondoo ya kuchoma, bingo, na wanasiasa wanaozomewa hadharani. Polisi wa kijiji aliyeiona bingo hiyo aliona pia kwamba mama yake ndiye anayetangaza namba.

Mlango ulifunguliwa kwa hatua. Mwaka 1988 wapiga kura walikubali bahati nasibu ya serikali, na mwaka 1992 wakakubali michezo ya bahati kwa ajili ya hisani. Sheria ya kuisimamia ikatungwa 1994, na aliyeiandika ni kana kwamba alikuwa na vitabu vya hesabu vya ile maktaba ya Louisville mezani. Asasi yenye leseni sharti ibaki na walau asilimia 40 ya mapato baada ya kutoa zawadi. Tiketi lazima ionyeshe jina la asasi na namba ya leseni, bei, zawadi, na siku, saa na mahali pa droo. Ni karatasi ndogo iliyosongamana maandishi, na kila mstari wake unajibu ujanja wa mtu aliyekwisha kufa.

Pombe nayo ilikuwa na minyororo yake. Carry Nation, mama aliyevunja baa kwa shoka, alizaliwa Kentucky mwaka 1846. Pombe ilipopigwa marufuku kitaifa kati ya 1920 na 1933, wiski iliuzwa kwa cheti cha daktari tu, kupitia kampuni chache zilizoruhusiwa, mojawapo ikiwa ile ya Stitzel ambayo Pappy alishirikiana nayo. Marufuku ilipoondoka, kila jimbo lilijitungia sheria zake: mtengenezaji humuuzia msambazaji, msambazaji humuuzia mwenye duka, mwenye duka humuuzia mnywaji, na hapo safari inakwisha. Mnywaji hamuuzii mtu. Ni mwaka 2018 tu maduka yenye leseni ya Kentucky yalipoanza kuruhusiwa kununua chupa za zamani kutoka kwa watu binafsi. Asasi za hisani zina njia nyingine, kibali maalumu cha muda cha kupiga mnada pombe waliyopewa.

Kwa maoni yangu hapo ndipo siri ya jambo zima ilipo. Wanaosifu droo za wiski husema watu wa Kentucky ni wakarimu, na sina sababu ya kubisha. Ila ukarimu upo kila mahali. Kisichopatikana kila mahali ni bidhaa ambayo kiwanda hukataa kupandisha bei yake hadi ile ya mitaani, sheria humkataza mwenye nayo kumuuzia mnywaji mwenzake, na bado kila mtu anaitaka. Thamani hiyo imefungiwa ndani ya chupa bila mlango wa kutokea, isipokuwa ule mwembamba wa maduka yenye leseni na ule ulioachiwa asasi za hisani.

Je, ni halali kujenga darasa kwa fedha ya pombe? Swali hilo si la Waislamu wa Pwani peke yao. Wabaptisti, wengi kuliko Waprotestanti wengine wote Kentucky, kwa vizazi vingi wamehubiri dhidi ya chupa, ingawa hadithi maarufu ya huko inamtaja mhubiri wao, Elijah Craig, kuwa baba wa bourbon. Wanahistoria hawaiamini. Viwanda vimeishika kwa sababu inauza.

Usiku wa tarehe 10 Desemba 2021 kimbunga kilipasua magharibi mwa Kentucky na kuusawazisha mji wa Mayfield, makao makuu ya kaunti ileile yenye Fancy Farm. Katika siku chache chama cha watengenezaji wa wiski, kilichoundwa 1880, kilishirikiana na wakusanyaji wa chupa adimu na mwandishi wa masuala ya bourbon Fred Minnick kuandaa mnada wa mtandaoni. Watu walitoa chupa walizokuwa wamezificha kwa miaka. Zilipatikana zaidi ya dola milioni 3. Ulikuwa mnada, si droo, na tofauti hiyo ina uzito: mnada humfuata tajiri mmoja mwenye mfuko mrefu, droo humwachia dereva wa lori nafasi sawa na ya daktari wa upasuaji.

Kuna upande ambao matangazo ya droo hayaugusi. Kwa miaka mingi Kentucky imetoza kodi kila pipa linalozeeka ghalani, na fedha hizo zimeendesha shule na zimamoto za kaunti zenye maghala. Mwaka 2023 Bunge la jimbo liliamua kuipunguza kodi hiyo hatua kwa hatua kuanzia 2026 hadi iishe kabisa mwaka 2043, huku viongozi wa kaunti hizo wakilalamika. Shule itakayopungukiwa na kodi ya mapipa elfu inaweza kujikuta ikimshukuru mwenye mapipa kwa chupa moja ya droo. Sioni kama hiyo ni biashara ya haki.

Atakayeshinda ana kazi ya kufanya. Lazima awe na miaka 21. Chupa ataifuata mwenyewe, kwa kuwa posta ya Marekani haibebi pombe tangu 1909. Asijaribu kuihesabu tiketi yake kama mchango wa kupunguziwa kodi, maana mamlaka ya mapato huiona kuwa ni bei ya kucheza, na zawadi yenyewe huiona kuwa ni kipato.

Walioanza kuhangaika sasa ni wanaoandaa droo. Kufikia 2025 maghala ya Kentucky yalikuwa na zaidi ya mapipa milioni 16, katika jimbo lenye watu milioni 4 na nusu hivi, na wanywaji wameanza kupungua. Ikiwa bei za mitaani zitashuka kuzikaribia za dukani, mzazi mwenye dola 20 ataanza kujiuliza kwa nini asiweke akiba akanunue chupa yake mwenyewe, na kamati ya shule itabidi itafute kitu kingine cha kuwekea namba.