Tarehe ya Wichita: Baisani Waliorudi Cache

Tarehe 18 Oktoba 1907 gari-moshi lilisimama Cache, kijiji cha Oklahoma, likiwa limebeba baisani 15, madume 6 na majike 9, kila mmoja ndani ya kasha lake la mbao. Walikuwa wametoka bustani ya wanyama ya Bronx, New York, safari ya siku saba. Stesheni ilifurika. Wakomanche, kabila la wenyeji wa nchi hiyo, walikuja na wake zao na watoto wao, wamevaa mavazi ya sherehe, na mbele yao alisimama Quanah Parker, mkuu wao. Wazee walimjua mnyama yule. Watoto walikuwa hawajamwona hata siku moja.

Baisani ni jamaa ya nyati, ila ana nundu kubwa na manyoya mazito mabegani na kichwani. Zamani walitanda katika nyika za katikati ya Marekani kwa mamilioni mengi. Karne ya 19 ilipokaribia kwisha, waliobaki porini walikuwa wachache wa kuhesabika.

Vitabu vingi huanzia New York katika kusimulia habari za Hifadhi ya Wichita Mountains, kwenye milima ya Wichita, walikopelekwa baisani wale. Husema habari za William Hornaday, mkurugenzi wa bustani ya Bronx, na wenzake walioanzisha American Bison Society mwaka 1905. Husema habari za Rais Theodore Roosevelt, yule yule aliyeshuka Mombasa Aprili 1909 kuja kuwinda, ambaye tarehe 2 Juni 1905 alitia saini tangazo la kuifanya milima ile hifadhi ya wanyama. Husema na habari za dola 15,000 zilizotolewa na Bunge ili ujengwe uzio. Hayo yote yalikuwa, na wenyewe wanastahili shukrani. Lakini kabla hao hawajakutana mezani, alikuwapo mtu aliyekwisha kumwaga damu kwa ajili ya baisani: Quanah.

Mama yake Quanah ni Cynthia Ann Parker, binti wa walowezi wa Texas aliyetekwa mwaka 1836 akiwa mtoto, akakulia kwa Wakomanche hata akawa mwenzao kabisa. Baba yake ni Peta Nocona, shujaa wa vita. Wako watu wa Texas wanaodai kwamba Quanah alizaliwa kwao. Mwenyewe alisema alizaliwa Elk Creek, chini ya milima ya Wichita, na tarehe hii inashika kauli yake. Kwa hiyo hifadhi ile imesimama mlangoni pa alikozaliwa.

Mwaka 1871 wenye viwanda vya ngozi walikuwa wamekwisha kupata njia ya kutengeneza ngozi ya baisani, ikafaa kwa mikanda ya mashine. Hapo ndipo yalipoanza maangamizi. Wawindaji walikuja na bunduki za masafa marefu, wakachuna ngozi na kuacha nyama ikioza juani. Alfajiri ya tarehe 27 Juni 1874 mamia ya wapiganaji wa Wakomanche, Wakiowa na Wacheyenne waliishambulia kambi ya wawindaji hao pale Adobe Walls, na Quanah alikuwa mmoja wa waliowaongoza. Mganga wao, Isa-tai, alikuwa amewaahidi kwamba risasi hazitawapata. Ziliwapata. Quanah aliuliwa farasi, akajeruhiwa, na bunduki za wawindaji zikawashinda. Septemba mwaka huo jeshi la Kanali Mackenzie liliwavamia katika bonde la Palo Duro na kuwaua farasi zaidi ya 1,000, na Juni 1875 Quanah aliwaleta watu wake kwenye ngome ya jeshi ya Fort Sill kusalimu amri. Hakuna mtu wa New York aliyemlipia baisani gharama kama hiyo.

Hapa haifai kuupita mlima Scott, mmoja wa milima ya Wichita. Una urefu wa futi 2,464, na siku hizi barabara ya lami inapanda hadi kileleni. Wazee wa Wakiowa wanasimulia kwamba baisani hawakuisha wote kwa risasi. Kulipopambazuka siku moja, mwanamke kijana aliyekwenda mtoni kuteka maji aliliona kundi la mwisho likitoka katika ukungu, dume mzee ametangulia, majike na ndama wanamfuata. Mlima ukafunguka. Ndani kulikuwa kubichi, nchi kama ilivyokuwa kabla ya walowezi. Kundi likaingia polepole, mlima ukajifunga, na tangu hapo hawakuonekana tena. Na yale makasha ya mwaka 1907 yalipelekwa kwenye milima ile ile.

Halafu kuna ugomvi wa ardhi, ambao kila tarehe ya Wichita ni lazima iuguse. Milima ile ilikuwa ndani ya eneo walilotengewa Wakiowa, Wakomanche na Waapache kwa mkataba wa Medicine Lodge wa mwaka 1867. Mkataba ulisema haiwezekani kuiachia ardhi hiyo bila saini za robo tatu ya wanaume wazima. Mwaka 1892 walikuja wajumbe wa serikali na karatasi ya kuigawa, na Wakiowa wanasema mpaka leo kwamba saini hazikutimia na wakalimani waliwapotosha. Lone Wolf, mkuu wa Wakiowa, alikwenda mahakamani. Tarehe 5 Januari 1903 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba Bunge linaweza kuvunja mkataba na makabila likitaka. Wakati huo ardhi ilikwisha kwenda: Agosti 1901 walowezi walipewa viwanja kwa bahati nasibu, na kila mwenyeji akabakiwa na ekari 160. Milima yenyewe ilikuwa imetengwa mwezi Julai kuwa msitu wa serikali.

Wapo wanaomlaumu Quanah kwa kutia saini, na kwa kuwakodisha malisho wafugaji wa Texas. Wasisahau kwamba fedha za malisho zililisha familia katika miaka ya njaa, na kwamba safari zake za Washington zilisaidia kuichelewesha karatasi ile kwa miaka minane. Lone Wolf alipigana kwa sheria, Quanah kwa mazungumzo, na wote wawili walidhulumiwa.

Aprili 1905 Roosevelt alikwenda kuwinda mbwa-mwitu katika nyika ya kusini mwa Oklahoma, na Quanah alikuwa pamoja naye. Inasimuliwa Cache kwamba ni katika safari hiyo Quanah alimwomba rais awarudishe baisani. Tangazo la hifadhi lilitoka Juni.

Turudi stesheni. Makasha yalipakiwa kwenye magari ya farasi, yakapelekwa maili kadhaa hadi mazizini. Frank Rush, msimamizi wao, aliwapaka wanyama mafuta ghafi mwili mzima kwa kuogopa ugonjwa unaoletwa na kupe. Ugonjwa wenyewe wafugaji wa Afrika Mashariki wanaujua: ni ule wa ng'ombe kukojoa damu. Kundi lilishika mizizi.

Elki wa kienyeji, aina ya kulungu wakubwa, walikuwa wametoweka, wakaletwa wengine kutoka Wyoming. Mwaka 1927 maofisa wawili wa misitu walizunguka kusini mwa Texas wakikagua maelfu ya ng'ombe ili kuokoa mbegu ya wale wenye pembe ndefu, wakarudi na 30 hivi tu. Katika miaka ya 1930 vijana waliokosa ajira walichimba mabwawa na kujenga barabara.

Hifadhi sasa ina ekari 59,020, na nyasi zake ndefu na fupi zimebaki kwa sababu moja kubwa: ardhi ni mawe ya matale matupu, na jembe la plau halikuweza kuingia. Baisani wanawekwa wapatao 650, kadiri malisho yanavyoweza kubeba, na wanaozidi huuzwa kwa mnada. Moto huwashwa kwa mpango ili mierezi isije ikazifunika nyasi.

Kazi hiyo haifanywi na waajiriwa peke yao. Watu wa Lawton, Cache, Medicine Park na vijiji vya jirani wamejiunga katika chama cha Friends of the Wichitas. Wanaojitolea huwatembeza wageni wakati wa maua ya mwituni, na vuli huwapeleka kusikiliza madume ya elki yakilia.

Quanah alifariki tarehe 23 Februari 1911, akazikwa kando ya mama yake, ambaye mifupa yake Quanah alikuwa ameileta kutoka Texas mwaka uliotangulia. Mwaka 1957 jeshi lilitaka ardhi ya makaburi yale kwa mazoezi ya makombora, wakahamishiwa Fort Sill. Ndani ya hifadhi lipo ziwa lenye jina lake. Mgeni anayekwenda Wichita aanzie Cache, palipo reli, kabla ya kupanda mlima Scott.