Huzuni na Wasiwasi katika Daftari la Tabibu: Historia ya Jina na Namba, pamoja na Mfano wa Mkoa wa Mara

Katika mchezo wa Shakespeare ambao Mwalimu Julius Nyerere aliufasiri na kuutoa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, mfanyabiashara Antonio anaingia jukwaani akiwa na huzuni asiyoijua asili yake. Rafiki zake wanadhani kuwa ana wasiwasi kwa ajili ya merikebu zake zilizo baharini, yeye anakana. Mfasiri huyo alizaliwa Butiama mwaka 1922, lugha yake ya kwanza ikiwa Kizanaki, na mwaka 1934 alianza masomo katika shule ya Mwisenge, Musoma. Jambo lililowashinda rafiki za Antonio ndilo ambalo tabibu wa Musoma, Bunda au Butiama hulikuta mezani pake: je, mtu huyu ana huzuni, ana wasiwasi, au anayo yote mawili? Na jibu likiisha kupatikana, litaandikwaje?

Yafaa kuanza na maneno yenyewe. Huzuni na wasiwasi yote mawili yametoka katika Kiarabu, na asili ya wasiwasi ni mnong'ono, yaani sauti ndogo isiyomwacha mtu atulie. Kitenzi sonona, pamoja na sononeka, chaeleza maumivu ya moyoni. Katika miaka ya karibuni kimefanywa nomino, na sonona imekuwa jina la ugonjwa. Lakini katika mazungumzo ya kila siku watu wengi hawatumii hata moja la maneno hayo. Husema tu, "Nina mawazo." Neno hili hubeba kwa pamoja majonzi ya yaliyopita na hofu ya yajayo, wala msemaji haoni haja ya kuyatenga. Kwa hiyo lugha ya watu ilikwisha kuyaunganisha mambo haya mawili, ilhali orodha za utabibu zilichukua muda mrefu kufanya hivyo.

Orodha hizo zilianza na wafu. Mwaka 1893, katika mkutano uliofanyika Chicago, Jacques Bertillon wa Ufaransa alitoa orodha ya sababu za vifo, nayo ikawa msingi wa Orodha ya Kimataifa ya Magonjwa. Toleo la sita, la mwaka 1948, ndilo la kwanza kuyapa maradhi ya akili sehemu yake. Katika toleo la tisa, lililokubaliwa mwaka 1975, mtu mwenye huzuni iliyochanganyika na wasiwasi hakuwa na namba yake mwenyewe: maelezo yaliagiza atiwe katika fungu la huzuni, chini ya namba 300.4. Toleo la kumi, lililoidhinishwa mwaka 1990, ndilo lililompa namba F41.2, likaiweka miongoni mwa maradhi ya wasiwasi. Toleo la kumi na moja, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, limeihamisha hali hiyo kwenye maradhi ya sonona, kwa namba 6A73. Hata mpangilio wa maneno umegeuzwa: zamani wasiwasi ulitajwa kwanza, sasa sonona yatangulia.

Namba hii ina masharti. Kwa kanuni ya toleo la kumi, F41.2 huandikwa pale dalili za pande zote mbili zinapokuwapo, wala hapana upande uliotawala, wala dalili za upande mmoja zikitazamwa peke yake hazitoshi kuitwa ugonjwa kamili. Pande zote mbili zikitosha, hapana budi kuandika magonjwa mawili kwa namba mbili. Mwandishi anayeweka namba ya mchanganyiko kwa sababu tu amesikia mambo mawili amempunguzia mgonjwa uzito wa maradhi yake, na yamkini amempunguzia na tiba.

Katika nchi yenyewe, kumbukumbu za akili hazikuanza na watu wa namna hii. Hospitali ya Mirembe ilijengwa Dodoma mwaka 1927, mbali sana na ziwa la Musoma. Na sheria ya magonjwa ya akili iliyoachwa na wakoloni ilidumu mpaka ilipofutwa na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Shughuli za sheria hiyo zilikuwa kuthibitisha wazimu na kumtia mtu hospitalini. Aliyefanya fujo sokoni aliweza kuandikwa. Aliyekaa kimya nyumbani, halali usiku wala halimi mchana, hakuandikwa popote. Mabadiliko yalianza katika miaka ya 1980, wakati mpango wa taifa ulipojaribu, katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, kuipeleka tiba ya akili kwenye zahanati na vituo vya afya. Katika miaka ya 1990 yakaja madaftari ya MTUHA, ambayo kwayo kila kituo huandika na kuhesabu wagonjwa wake.

Ni hapo mkoa wa Mara unapotoa fundisho lake. Kutoka Musoma hadi Bunda na Butiama hapana mwendo mrefu, lakini humo mna Kijita, Kikwaya, Kizanaki, Kiikizu na Kisizaki, bila kutaja Kikurya na Kijaluo. Mathalani, mama mzee wa Butiama humweleza mjukuu wake kwa Kizanaki. Mjukuu humweleza tabibu kwa Kiswahili. Tabibu huandika ugonjwa kwa Kiingereza. Na mwisho Kiingereza hicho hugeuzwa namba. Katika hatua hizo nne, moyo kwenda mbio na usingizi kukatika huweza kufika daftarini kama kuumwa kichwa tu. Namba itakuwa imeandikwa sawasawa, na mgonjwa atakuwa amepotea.

Kwamba kazi hii yawezekana, imekwisha kuonyeshwa. Mwaka 2002 Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam wa kupima kwa Kiswahili maswali 25 yaliyotungwa Marekani, 10 ya wasiwasi na 15 ya huzuni, kwa wanawake wajawazito wenye virusi vya UKIMWI. Lakini Kiswahili cha Dar es Salaam si Kiswahili cha Bunda, na Kizanaki si Kiswahili.

Kwa hiyo kazi iliyosalia si ya matabibu peke yao. Wanaofanya utafiti wa lugha wanapaswa kukusanya, katika kila lugha ya Mara, sentensi ambazo watu husema wanapoeleza uchungu na hofu, pamoja na hali ambayo husemwa. Na madaftari yangepaswa kuacha nafasi ya maneno ya mgonjwa kando ya namba. Namba imekwisha kubadilishwa mahali na jina katika muda wa miaka 32, na huenda ikabadilishwa tena. Maneno ya mgonjwa yakiwa yameandikwa, atakayekuja baadaye ataweza kumhesabu upya. Yasipoandikwa, hatakuwa na njia ya kujua kilichosemwa.